Jina la Kitindamimba

Adèle alikuwa mwanamke wa miguu. Wahamasishaji wa Chama cha Tusaidiane walikuwa kumi na wawili, wote wa kujitolea, wote wamepewa mabuti ya mpira ya rangi moja, lakini vilima vya Kipese viliwakatisha tamaa wengi wao kabla jua halijafika utosini. Yeye alipanda na kushuka kutwa nzima, mkoba begani, akirudi nyumbani na matope hadi magotini na bado ana nguvu za kugombana na mumewe kuhusu kuni. Watu walimcheka kwamba hata mbuzi wa huko humpisha njia.

Kazi ya chama ilikuwa na pande mbili. Upande wa kwanza ni mashamba: kuchimba mifereji ya kuzuia mmomonyoko, kupanda majani ya kushika udongo, kugawa mbegu za viazi na sungura wa kufuga. Upande wa pili ni uzazi: mama apumzike miaka miwili au mitatu kati ya mtoto na mtoto, anayetaka sindano ya miezi mitatu aipate, asiyeitaka kwa ajili ya dini yake afundishwe kuhesabu siku. Siméon, mkuu wa chama, bwana shamba aliyekuwa na ofisi ya chumba kimoja mjini Butembo, alipenda kusema kwamba ardhi na mama wote huchoka wasipopumzishwa. Kina mama walikuwa wakiangua kicheko waliposikia wanalinganishwa na shamba la vitunguu, lakini somo lilikuwa limeingia.

Huo ulikuwa mwaka 2001, katikati ya vita. Wenye bunduki walibadilisha majina na makofia, na kila kundi lilikuwa na kizuizi chake barabarani. Serikali ilikuwa mbali mno, hata redio ilikuwa inaitaja kwa shida. Basi aliyetaka dawa, mbegu au ushauri alikuwa na mahali pawili tu pa kwenda: kanisani au kwa watu wa namna ya Adèle.

Sasa kulikuwa na tatizo moja dogo lililowasumbua wahamasishaji wote. Kila mama alikuwa na kadi, na kadi ilitaka idadi ya watoto. Lakini kule milimani watoto wa mtu hawahesabiwi mbele ya mgeni. Ukimuuliza mama ana watoto wangapi, anatazama pembeni, anasema Mungu ndiye anayejua, na ukisisitiza anakumbuka ghafla kwamba amesahau sufuria motoni. Kadi nyingi zilirudi Butembo zikiwa tupu, na Siméon alikuwa akizishika kichwa kimeinama.

Ni Adèle aliyepata ufumbuzi. Kwa Wanande, watu wa pande hizo, jina la mtoto huwa linamngojea kabla hajazaliwa. Mvulana wa kwanza ni Paluku, wa pili Kambale, wa tatu Kasereka, wa nne Kakule, wa tano Katembo, wa sita Mbusa, na wasichana nao wana mpango wao. Kwa hiyo Adèle hakuuliza idadi. Aliuliza tu, kwa sauti ya kupiga soga, kitindamimba wa kiume anaitwa nani na wa kike anaitwa nani, halafu akajaza kadi akiwa njiani. Hakuna aliyeona haya, hakuna sufuria iliyoungua.

“Mama Adèle, uko na akili ya bureau, ya ofisi, mais unakaaka ku kilima!” Siméon alimwambia mbele ya wenzake wote, na akataka awafundishe. Adèle aliwafundisha. Alijiona mjanja, na kwa kweli alikuwa mjanja, na hilo ndilo linaloniuma ninaposimulia habari hii.

Tamar alifika Kipese mwezi wa kwanza mwaka huo, akitokea upande wa Eringeti. Kijiji chao kilivamiwa, mumewe Zacharie akachukuliwa na watu wenye silaha, na yeye akatembea hadi Mavivi, kisha Beni, kisha akapata nafasi juu ya lori lililokuwa linakwenda Butembo, na kutoka hapo akapanda milimani kwa shangazi yake, bibi mmoja mkavu aitwaye Berthe. Alikuwa na mimba ya miezi sita, kitenge kimoja, na mtoto wa miaka mitatu aliyeshika kitenge hicho na hakukiachia hata alipolala.

“Wavukire, yaya,” Adèle alimsalimia alipomtembelea mara ya kwanza. “Huyu ndeko mudogo anaitwa nani?”

“Katembo.”

“Na wa kike?”

“Wa kike haiko.”

Adèle alimpa mbegu, akamweleza habari za kliniki, akamshauri ajifungulie Butembo na si nyumbani. Hakumuuliza wale wengine wako wapi. Wakimbizi wengi walitawanya watoto kwa ndugu, mmoja kwa mjomba, mwingine kwa bibi, na kumchokonoa mtu aliyetoka kukimbia ilikuwa kukosa utu. Alipofika kwenye njia panda aliketi juu ya jiwe akaandika. Kadi ilikuwa na mistari miwili: watoto waliozaliwa, watoto wanaoishi. Kwenye mstari wa kwanza aliandika tano. Kwenye wa pili aliandika tano.

Uchungu ulimshika Tamar mwezi wa nne, siku ya soko. Siku nzima mtoto hakutoka. Asubuhi ya pili wanaume wanne walimbeba kwa kipoyi, machela ya miti, hadi barabarani, Adèle akikimbia mbele kutafuta gari, na gari lililopatikana lilikuwa limejaa kabichi. Dereva alishusha magunia matatu bila kuombwa. Walifika hospitali ya Butembo saa nane mchana, Tamar akiwa hajitambui tena, na daktari akamwingiza moja kwa moja kwenye chumba cha upasuaji.

Baada ya muda daktari alitokea mlangoni, glavu mikononi, anapumua haraka.

“Mama, mutoto hatukumukuta muzima. Kizazi kilipasuka. Mi naweza shona, mais akibeba mimba ingine, na hii barabara, na hii vita, atakufia ku njia. Iko na batoto wangapi?”

Adèle alitoa kadi mkobani. Aliitoa upesi, na alijisikia vizuri kuwa nayo.

“Batano, Docteur.”

“Bote bazima?”

Hapo ndipo palipokuwa na mlango wa mwisho, na ulikuwa wazi. Angeweza kusema, mimi nimemwona mmoja tu. Angeweza kusema, sijui. Lakini kadi ilikuwa mkononi mwake, mwandiko ni wake, na tano ilikuwa tano.

“Bote bazima.”

“Basi heri nifunge kabisa, abaki kuwalea hao. Bwana yake?”

“Alipotea.”

“Donc wewe utasaini.”

Akasaini. Jina lake aliliandika lote, kwa herufi nzuri za mtu aliyemaliza darasa la sita kwa masista.

Tamar alizinduka kesho yake. Berthe alikuwa amefika na Katembo mgongoni, na mtoto akawekwa kitandani karibu na mama yake, akashika shuka badala ya kitenge. Tamar alipoambiwa kuhusu mtoto wake, binti wa kwanza katika maisha yake, aligeuza uso ukutani. Adèle alikaa naye hadi kilio kilipopungua, kisha akamshika mkono, akatafuta neno la kumfariji. Alilipata haraka, maskini.

“Yaya, pole kabisa. Mais Mungu alikuachia batano. Niambie wale bane bako kwa nani, tubaite bakuje bakuone.”

Tamar alimtazama kama mtu aliyeulizwa swali na kichaa.

“Bane gani?”

Berthe aliinamisha kichwa.

“Paluku na Kambale balikufa na surua, juma moja,” Tamar alisema polepole. “Kasereka, ni homa. Kakule alikufa juzi juzi tu tulipokuwa tunakimbia, nilimuzika ku Mavivi nyuma ya kanisa. Miye niko na huyu tu.” Akaweka kiganja juu ya kichwa cha Katembo. Halafu akauliza, na macho yake yalikuwa yameanza kutafuta kitu cha kushika: “Docteur alisema nini? Nitazaa tena?”

Mtoto akifa, jina lake halipewi mwingine. Nafasi yake inabaki, na hesabu inaendelea. Kila Mnande analijua hilo tangu akiwa ananyonya, Adèle alilijua, mama yake mwenyewe alizika Kambale akamzaa Kasereka. Alikuwa amelisahau kwa sababu ujanja wake ulikuwa unafanya kazi vizuri mno.

“Alisema upumuzike,” akajibu. “Miaka mbili.”

Neno hilo halikumpa taabu hata kidogo. Alikuwa amelisema katika kila nyumba ya Kipese, na mdomo ulilitoa wenyewe.

Jioni alimrudia daktari, akamuuliza kama kilichofungwa kinaweza kufunguliwa. Daktari akaelewa, akavua miwani. “Pengine ku Ulaya, mama. Hapa kwetu hapana.” Kesho yake Adèle akaenda kwa Siméon na kumweleza yote akilia. Siméon si mtu mbaya, naye alilia. Lakini alipofuta machozi alisema jambo ambalo Adèle alikuwa tayari amelifikiria kwenye ngazi za ofisi. Milimani tayari kulikuwa na watu waliovumisha kwamba chama kinamaliza vizazi vya watu. Wakisikia hili, nani atakubali tena sindano? Nani atapokea hata mbegu? Kina mama watarudi kuzaa kila mwaka na kufa kila mwaka. “Tutamuambia,” alisema Siméon. “Mais hapana sasa. Achia kwanza apone.”

Basi wakaacha apone. Na alipona, tena vizuri. Berthe alimkatia Tamar kipande cha shamba mteremkoni, na hakuna mwanachama aliyechimba mifereji iliyonyooka kama yake. Sungura wake walizaana hadi akawagawia majirani. Kwenye mikutano alisimama bila kuombwa, Katembo akiwa amejibanza nyuma yake, akawaambia wasichana walioolewa karibuni: “Mi niko napumuzika. Docteur alisema miaka mbili, na mi nafuata. Munione, nguvu inarudi.” Wanawake walimpigia makofi. Siméon aliandika habari zake katika ripoti kwa wafadhili, bila kutaja jina. Adèle alikaa nyuma kabisa, na mkutano ulipokwisha alikuwa wa kwanza kuondoka.

Alianza kukikwepa kilima kile. Alibadilishana zamu na mwenzake, akasingizia goti. Goti lenyewe halikuwa na kitu. Nyumbani alikuwa mkali kwa watoto wake, kisha anawakumbatia bila sababu, na mumewe aliacha kumtania kuhusu kuni. Mara ngapi alitia nia ya kwenda kusema! Alifika hadi kwenye kijito, mara moja hadi kwenye uzio, akaona moshi ukitoka jikoni kwa Tamar, akageuka.

Mwisho wa mwaka wa 2002, Zacharie alirudi.

Alikuwa amebebeshwa mizigo ya askari porini upande wa Mambasa kwa karibu miaka miwili, na siku moja mizigo ikamwisha mgongoni kwa sababu waliokuwa wakimlinda walikimbia. Alirudi na sikio moja lisilosikia na miguu yenye vidonda. Aliulizia Beni, akaulizia Butembo, hadi akaelekezwa Kipese. Tamar alimwona kutoka shambani, akadhani ni mtu anayefanana naye, akaendelea kulima. Walioshuhudia wanasema alilima mistari miwili mizima kabla hajatupa jembe.

Alipoambiwa habari za Kakule, Zacharie alitaka kwanza kujua kaburi liko upande gani wa kanisa. Akaelezwa. Siku tatu hakutoka nje. Siku ya nne alimwita Katembo, akamweka gotini, akamwambia asiogope, ndugu yake Mbusa atakuja, maana jina lake tayari liko. Huko porini, alisema, alilirudia jina hilo usiku na mchana ili asilale chini akafa.

Mwezi wa nne ulipofika, Tamar alimtumia Adèle ujumbe kwamba amwone, na mara hii goti halikufaa kitu. Alimkuta peke yake kati ya mistari ya vitunguu, anapalilia. Alikuwa amevaa kitenge kipya, na kadi yake iko kifuani, ndani ya mfuko wa plastiki.

“Yaya Adèle! Miaka mbili ilitimia juma iliyopita.” Alicheka kama msichana. “Andika sasa ku fiche kama nilimaliza kupumuzika. Zacharie hapana lala, kila siku ananiuliza.”

Adèle hakupokea kadi. Alipiga magoti palepale kwenye udongo, na akasema. Alisema vibaya, mwisho kabla ya mwanzo, daktari, mlango, saini, miaka miwili ya uongo. Alisema kwamba kizazi kilifungwa na aliyekubali kifungwe ni yeye.

Tamar alisikiliza akiwa amesimama. Kisha akainama, akang'oa jani moja la gugu, akalitupa pembeni, akang'oa la pili.

“Batano,” alisema. “Nani alikuambia batano?”

“Ni jina ya Katembo. Nilihesabu na jina.”

“Ungeniuliza.”

“Niliona haya, yaya. Kwetu hapana ulizaka mama hesabu.”

“Ungeniuliza hata vile.” Sauti yake ilipasuka. “Nilitoka Eringeti mupaka hapa, hakuna mutu aliniuliza ile batoto ilienda wapi. Mi nilikuwa nangojea mutu aniulize. Ungefungua kinywa mara moja tu, ningekuambia bote, mumoja mumoja.”

Alilia hapo, amekaa chini kati ya vitunguu, na Adèle alilia pia, lakini kila mmoja peke yake, hatua mbili kati yao. Adèle alipotaka kumshika, Tamar aliuvuta mkono wake. Alisema kwamba wangemwacha afe mezani ingekuwa afadhali, kisha akamtazama Katembo aliyekuwa akikimbiza sungura juu ya mteremko.

“Nitamuambia Zacharie mi mwenyewe,” Adèle alisema. “Leo hii. Anipige, anishitaki, iwe vile anataka.”

“Hapana.”

“Yaya…”

“Nilisema hapana. Ile jina njo ilimurudisha kwa miguu yake. Ukimuondolea, atabakia na nini?” Tamar alijifuta uso kwa ncha ya kitenge kipya, akasimama. “Sikiliza. Utakuja hapa kila mwezi. Utakaa ku kiti, atakuuliza kama wakati umefika, na utamuambia bado. Ulijua kudanganya wakati wewe ulitaka. Sasa utadanganya wakati miye nataka.”

Adèle aliomba apewe adhabu nyingine yoyote. Tamar alikwisha kugeuka, anapalilia.

Mwezi uliofuata alikwenda. Zacharie alimwona kutoka mbali, akatoa kiti nje, akakipangusa kwa mkono wa shati lake. Alikaa upande wa kushoto wa mgeni ili sikio zima limwelekee. Tamar alikuwa mlangoni, anachambua maharage, hakuinua macho.

“Mama Adèle, wasingya, aksanti kutusalimia,” alisema Zacharie. “Mama Katembo anasema ni wewe unajua. Wakati umefika?”

“Bado, papa. Kidonda kilikuwa kikubwa. Tungojee tena kidogo.”

Aliitikia kwa kichwa taratibu, mtu anayejitahidi asioneshe huzuni.

“Sawa. Vita tuliingojea, mutoto njo atatushinda?” Akageuka kwa mkewe. “Umesikia, Mama Katembo? Tungojee. Hawa batu balikuchunga wakati miye siko, tutabafuata.”

“Nimesikia,” alisema Tamar.

Zacharie alisisitiza kumsindikiza mgeni, na vidonda vyake vya miguu hivyo hivyo. Alimbebea mkoba hadi kwenye kijito, akimshukuru njia nzima: kwa hospitali, kwa kipoyi, kwa mbegu, kwa kumshika mkewe mkono siku ile. Adèle aliitikia kila moja. Kisha akavuka, akapanda kilima chake, na mwezi uliofuata akarudi kumwambia bado.